Kufuga na Kufunga: Mwenye Kioo Anadaiwa Nini na Samaki Wake?

Mvuvi wa Puta, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru kaskazini ya Nchelenge, ana hesabu iliyonyooka kati yake na samaki. Humvua, humwua, humla au humwuza. Na wale wadogo mfano wa dagaa, ambao huko huitwa chisense, huanikwa juani kisha wakasafirishwa mbali. Mwambie mtu huyu kwamba wako watu wanaonunua samaki wa baharini kwa bei kubwa ili wawatazame tu ndani ya sanduku la kioo, na kwamba samaki hao wakipatwa na vimelea, wenyewe hukesha wakibishana iwapo watibiwe au waachwe. Yamkini atacheka. Akisha kucheka, nadhani atauliza swali ambalo wengi wa wenye vioo hawalifikii: Kwani nani aliyewatia humo?

Swali hilo ndilo tunalokusudia kulijadili hapa. Lugha yetu ina vitenzi viwili vinavyotofautiana kwa herufi moja: kufuga na kufunga. Sidai kwamba vina asili moja. Hilo tuwaachie wachunguzi wa maneno. Ila kila mwalimu aliyewahi kusahihisha insha za wanafunzi anajua jinsi kosa dogo la herufi hiyo linavyomgeuza mchungaji akawa bwana jela. Samaki wa kwenye kioo amefungwa, hapana shaka. Kama amefugwa pia, hilo hutegemea mwenendo wa mwenyewe, na siku ya kulijua ni siku ya ugonjwa.

Ugonjwa unaoogopwa kuliko mingi katika vioo vya maji ya chumvi huletwa na kiumbe cha seli moja ambacho mtaalamu Brown alikipa jina la Cryptocaryon irritans mwaka 1951. Kiswahili hakina jina lake mahususi, lakini neno letu la jumla linamtosha vizuri: kimelea, yaani kile kinachomea juu ya mwenzake. Hujipenyeza chini ya ngozi ya samaki na katika matamvua yake, kikala humo kwa siku tatu hadi saba, na mwili ukaonekana kama ulionyunyiziwa chembe za chumvi. Kisha hudondoka chini, hujifunika ganda, na ndani ya ganda hilo hugawanyika mara nyingi. Ganda likipasuka, hutoka vichanga vingi vinavyoogelea kutafuta samaki, navyo visipompata katika muda wa siku moja au mbili hufa. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Vidoa vikitoweka, mwenyewe hushangilia kwamba samaki wamepona, kumbe adui yuko chini mchangani akizaliana.

Kimelea hiki kimo pia baharini. Mbona hatusikii kwamba kimefagia miamba ya Shimoni au Kilifi? Kwa sababu bahari ni pana. Kichanga kinapotoka gandani, samaki aliyekilea amekwisha kwenda zake, na maji yamekitawanya. Katika wengi ni wachache tu wapatao pa kuingia. Ndani ya kioo samaki analala usiku juu ya mchanga ule ule ulioangukiwa na maganda, wala hana pa kukimbilia. Kimelea ni kile kile na samaki ni yule yule. Kilichobadilika ni ukuta, na ukuta umejengwa na mtu.

Maadamu ni hivyo, siikubali hoja moja inayopendwa sana na wenye vioo. Husema: tuwaache, wenye nguvu watapona na wanyonge watakufa, ndivyo maumbile yalivyo. Hoja hii ina chembe ya ukweli, kwani samaki aliyenusurika hupata kinga kwa muda. Lakini ni maumbile gani hayo? Mtazame kangaja wa buluu, yule ambaye wataalamu humwita Acanthurus leucosternon. Huishi katika miamba ya Bahari ya Hindi, ya Kenya ikiwamo, na Kenya imekuwa ikipeleka nje samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa. Hunaswa kwa nyavu, huwekwa katika matangi, hufungwa katika mfuko wa nailoni, na hupakiwa katika ndege. Afikapo ni mnyonge, na sifa yake miongoni mwa wafugaji ni kwamba aghalabu yeye huwa wa kwanza kutoka vidoa. Mtu aliyemwondolea upana wa bahari, akamchosha kwa safari, akamweka pamoja na wagonjwa, hana haki ya kuyasingizia maumbile. Mvuvi wa Puta amwuaye samaki wake upesi ana huruma kuliko huyo.

Basi anadaiwa nini? Kwanza, kumtenga kila mgeni kwa wiki kadhaa katika chombo cha peke yake kabla ya kumchanganya na wenzake, hata kama hana alama yoyote; ushahidi wa macho haumtoshi hapa. (Wengine hununua samaki mdogo msafishaji wakitumaini atawanyonyoa wagonjwa. Ni kujifariji tu, kwa kuwa kimelea kimejificha chini ya ngozi.) Pili, ugonjwa ukizuka, kuwatoa samaki wote, si wale wenye vidoa peke yao. Dawa ya shaba huviua vichanga vinavyoogelea, lakini huwaua pia kamba, konokono na matumbawe; kwa hiyo hapana budi samaki watibiwe kando. Tatu, na hili ndilo zito, kukiacha kioo bila samaki hata mmoja mpaka ganda la mwisho lipasuke na vichanga vyake vife kwa njaa. Yameshuhudiwa maganda yaliyopasuka baada ya siku 72, na kwa hiyo wafugaji waangalifu hungoja siku 76.

Kungoja huko ni fursa ambayo si kila mtu anayo. Mwaka 2014 ulionekana katika vinamasi vya Bangweulu ugonjwa wa vidonda uletwao na Aphanomyces invadans, kimelea mfano wa kuvu. Ugonjwa huo ulijulikana kwanza Japani mwaka 1971, na mwishoni mwa 2006 ulikuwa umeonekana katika mito ya Chobe na Zambezi. Maji ya Bangweulu hushuka kwa Mto Luapula hadi Mweru. Watu wa Puta hawana chombo cha kando cha kuwahamishia samaki wa ziwa zima.

Lakini kungoja kwenyewe wanakujua. Kila mwaka sheria ya Zambia hulifunga ziwa hilo kwa wavuvi ili samaki wazaliane, na wanaongoja ni watu ambao chakula chao na karo za watoto wao zimo majini humo. Mwenye kioo akiona kwamba muda anaodaiwa ni mrefu mno kuutazama mchanga mtupu, na aulinganishe na wa kwao: tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ni siku 90, na katika mwaka mrefu ni 91.