Sura ya Mtoto ni Amana

Wahenga walinena kuwa riziki kama ajali, huitambui ijapo. Aghalabu twautaja usemi huu kwa furaha tupu, kana kwamba riziki ikishafika hesabu imekwisha. Lakini ajali haimgusi mtu mmoja tu. Riziki yangu ikinijia kwa mkono wa mwenzangu, naye hunidai kitu. Je, vipi pale mwenzangu huyo anapokuwa mtoto, asiyejua kudai?

Tumtazame Julia Margaret Cameron, Mwingereza aliyezaliwa Calcutta mwaka 1815. Mwishoni mwa 1863 alikuwa akiishi Freshwater, katika Kisiwa cha Wight. Alikuwa na umri wa miaka 48, mama wa watoto sita, na mumewe alikuwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, akiyatazama mashamba yao ya kahawa. Binti yake na mkwewe wakamtunukia kamera imliwaze katika upweke. Bibi yule akaligeuza ghala la makaa kuwa chumba cha giza, na banda la kuku akalifanya chumba cha vioo cha kupigia picha. Januari 1864 akampiga picha mtoto wa kike aitwaye Annie, akaiita fanaka yake ya kwanza. Miaka kumi baadaye, alipoandika habari za kazi yake, alisimulia jinsi alivyozunguka nyumba nzima akimtafutia mtoto yule zawadi, kwani alihisi kuwa aliyeifanya picha ile ni Annie mwenyewe.

Tusilipite neno hili haraka. Mtu mzima, katika saa ya ushindi wake, amekiri kuwa anadaiwa na mtoto. Mimi naiona zawadi ile kuwa ni ujira.

Hata hivyo, kazi ilipokua, deni nalo lilikua. Bibi Cameron aliziandikisha picha zake ili alinde hakimiliki, na mwaka 1865 jumba la makumbusho la South Kensington, London, likanunua baadhi yake. Watoto wa jamaa na wa majirani wakawa malaika katika picha zake. Kazi yenyewe haikuwa nyepesi kwa mtoto. Bamba la kioo lilipakwa dawa, likatumiwa na kusafishwa lingali majimaji, na aliyekaa mbele ya kamera alitakiwa atulie tuli kwa muda ambao hata mtu mzima ungemchosha.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Laura Gurney. Alipokuwa bibi mzima, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1925, alieleza jinsi yeye na dada yake walivyofungwa mbawa za bata-maji mabegani. Nyuso zao katika picha zile, alisema, zina wasiwasi na simanzi kwa sababu hivyo ndivyo walivyojihisi. Watazamaji waliona shauku ya mbinguni, ilhali mtoto alikuwa akitamani kushuka kitini.

Yuko atakayeniambia kuwa hakuna aliyedhurika. Mtoto alichoka kidogo, akasahau, nasi tumerithi uzuri. Sipingi kwamba ni uzuri, wala sisemi kuwa picha zile heri zisingepigwa. Nasema kuna madeni mawili. La kwanza ni la uchovu, nalo hulipika kwa zawadi. La pili ni la tafsiri: kumpa mtoto maana isiyo yake, kisha kuieneza kabla hajapata ulimi wa kuikanusha. Hili halilipiki kwa peremende. Laura alilipwa nusu karne baadaye, na aliyemlipa ni kalamu yake mwenyewe.

Wasomaji wa pwani wana kipimo cha jambo hili. Mwaka 1858, miaka michache kabla ya kamera ile kufika Wight, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia utendi bintiye. Huko nako mama alijenga kazi ya sanaa juu ya mwana. Mtu aweza kuuafiki wasia ule au kuubishia, lakini binti ndiye aliyeambiwa, na ndiye aliyekabidhiwa. Malaika wa Freshwater hawakuambiwa wala hawakukabidhiwa, walitazamwa tu.

Siku hizi wako wengi wanaoipata riziki hii bila kuitafuta. Mtu hununua kamera kwa ajili ya wanawe, jirani akamwomba picha ya mwanawe, chekechea ikamwita siku ya mahafali, mwisho akajikuta ana kazi. Sifa njema huenda na picha: hutundikwa dirishani pa studio, husambazwa kwenye simu, huwa tangazo la biashara. Mzazi ameridhia na fedha zimelipwa. Mwenye sura hakuulizwa.

Sidai kuwa mtoto wa miaka mitatu atie saini. Amana haingoji saini. Yatima hakuandika mkataba na mlezi, na mali yake ni haramu kuliwa vilevile. Mpigapicha na akomeshe kazi mtoto anapochoka, asimpachike simanzi wala utakatifu asioujua, na picha asiitangaze mpaka awe radhi kuiondosha siku mwenyewe atakapokuja, kijana mwenye ndevu au binti aliyekwisha kuolewa, akasema: sura hii ni yangu, nirudishie.