Mtoto wa Lualaba Aujue Mto Wake

Wiki hii mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Kolwezi alinionyesha daftari za wanafunzi wake. Alikuwa amewaagiza wachore mlima. Wengi walichora kitu kilekile: kilima chenye kichwa bapa, ubavu uliokatwa ngazi-ngazi, na juu yake lori likimwaga mawe. Walichora malundo ya mgodi. Watoto hawakukosea hata kidogo, maana mtu huchora alichokiona. Lakini tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia.

Nawaza juu ya wazazi wa watoto hao, yaani sisi. Tunawalisha, tunahangaika na ada za shule, tunawapeleka kanisani wakiwa wamevaa vizuri. Ibada ikiisha, tunawafungia uani hadi Jumatatu. Ukimwuliza mzazi sababu, atakujibu kwamba Kolwezi hakuna pa kwenda. Mwenye pesa aende Lubumbashi akaone wanyama, na mwenye pesa nyingi apande ndege.

Maneno hayo yana historia. Mji huu ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya madini ya Union Minière, na kampuni ndiyo iliyogawa nyumba, posho, shule na hospitali, hata uwanja wa kuchezea na ukumbi wa starehe. Mwaka 1967 mali hiyo ikawa ya taifa, ikaja kuitwa Gécamines, na utaratibu ukabaki uleule. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, kampuni ikadhoofika, mishahara ikakatika. Mapumziko ya familia yakafa pamoja na mishahara, kwa sababu tulikuwa tumezoea kupangiwa hata namna ya kupumzika.

Nchi lakini haikuporomoka. Kila majira yana jambo lake la kuwaonyesha watoto.

Chukua Juni na Julai, wakati wa kiangazi. Asubuhi baridi inauma, maana tunaishi zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, lakini mchana anga ni safi. Huo ndio wakati wa kwenda Ziwa Nzilo, kaskazini ya mji, pale Mto Lualaba ulipozuiwa kwa bwawa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili migodi ipate umeme. Mwambie mtoto kwamba maji anayoyatazama yatapita Bukama, Kongolo na Kindu, na kwamba baada ya Kisangani yataitwa Mto Kongo. Mwambie kwamba mwaka 1871 Livingstone aliutazama mto huuhuu kule Nyangwe, akidhani huenda ni Nile, na kwamba Stanley aliufuata pamoja na watu kutoka Zanzibar mpaka akafika Boma, Agosti 1877. Hakuna darasa litakalomfundisha hayo kama ukingo wa maji wenyewe.

Kiangazi hichohicho, barabara zikiwa kavu, ipo pia Bunkeya, katika jimbo letu hilihili la Lualaba. Hapo Msiri, aliyetoka Unyamwezi, alijenga dola ya Wayeke kwa shaba na pembe za ndovu. Hapo aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 kwa kukataa kuinamia bendera ya mfalme Leopold. Kiswahili tunachosema hapa kilianza kuingia Katanga kwa misafara ya biashara ya namna hiyo. Mtoto anayeimba majina ya wafalme wa Ulaya darasani ana haki ya kukanyaga udongo wa Bunkeya.

Septemba na Oktoba joto linapanda, na kabla tone la mvua halijaanguka miombo inatoa majani mapya mekundu kama shaba. Muda mfupi baadaye matunda ya masuku yanaiva. Mvua zikiingia Novemba, porini kuna uyoga, wengine mpana kuliko sahani, na kuna finkubala, viwavi wa kuliwa, ambao mama zetu wanajua kila mmoja anakula majani ya mti gani. Mpeleke mtoto pamoja na bibi yake, elimu hiyo isije ikazikwa pamoja na bibi. Na mvua zikielekea kuisha, vilima vya shaba ambavyo bado havijachimbwa vinachanua mimea midogo inayovumilia sumu ya shaba, mimea ambayo wanajiolojia waliifuata ili kuyapata madini. Baadhi yake haioti mahali pengine duniani.

Najua ndugu yangu mmoja atanijibu: matembezi ni mambo ya Wazungu na ya wenye mishahara ya dola; mimi nachimba kwa mikono, siku nisipochimba hatuli. Simdharau. Lakini kutembea na watoto hatukufundishwa na mgeni. Kabla ya kambi za kampuni, familia zilihama pamoja kwenda kuvua na kuokota matunda, na kiangazi kilikuwa wakati wa kuwatembelea ndugu vijijini. Ama gharama, sufuria ya bukari, yaani ugali, samaki wachache na maji safi vinatosha, na familia tatu zikichangia gari moja mzigo unapungua. Ninachoona kigumu kweli ni usalama. Malori ya barabara ya Likasi hayana huruma, kwa hiyo tutoke mapema na turudi mchana. Na mashimo ya zamani yaliyojaa maji ya kijani yasiwe kamwe mahali pa watoto kuogelea.

Wakubwa wa jimbo nao wana wajibu. Ufuo wa Nzilo usije ukagawanywa wote kwa wenye kuta, na vilima vichache vya shaba viachwe bila kuchimbwa, watoto wapate pa kupanda. Naliomba hilo kwa moyo wote, lakini sitalingoja.

Madini yataisha. Anayeijua Lualaba kama shimo la kuchimbwa ataliacha shimo na kuhama siku litakapokauka. Aliyeoga jua la Nzilo, akala masuku ya miombo na kusimama Bunkeya atakuwa na kitu cha kutetea, na atajua kwa nini anakitetea. Tutoke basi na watoto wetu, masika na kiangazi, wala tusisubiri kampuni yoyote itupangie siku.