Maziwa ya Mama na Dawa za Kuzuia Mimba

Yasemwa mitaani kwetu kwamba mama anyonyeshaye akitumia dawa za kuzuia mimba maziwa hukauka, tena ni haramu. Haya ni mambo mawili, yafaa yatengwe.

Ama uharamu, Masahaba wakifanya azli, yaani kumwaga nje, zama Qur'ani ikishuka, wala hawakukatazwa. Na Imamu Ghazali ameijuzisha katika Ihya.

Ama madhara, Mtume wetu (S.A.W.) alikusudia kukataza mume kumwingilia mke anyonyeshaye. Kisha akakumbuka kuwa Warumi na Wafursi wafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, asikataze. Tazameni basi: madhara aliyapima kwa yaonekanayo kwa watu, hata wasiokuwa Waislamu, si kwa uvumi.

Basi nasi tuwaulize wajuao. Madaktari wasema vidonge vyenye homoni ya estrojeni huweza kupunguza maziwa, na Shirika la Afya Duniani halivipendekezi kwa anyonyeshaye hata mtoto atimize miezi 6. Vyenye projestini peke yake havina taabu hiyo kwa kawaida. Sindano ya miezi 3 nayo hungojewa hata wiki 6 zipite tangu kuzaa.

Kwa hivyo mume anunuaye dukani kidonge chochote akampa mkewe, acheza na haki ya mtoto. Na amkatazaye kabisa, mkewe akashika mimba mtoto hajatambaa, je, hakusoma kwamba mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe? Aya hiyo hiyo yawataka wawili hao washauriane katika kumwachisha mtoto ziwa. Na hili pia walishauri pamoja, mbele ya daktari.