Steling Hafi

Konda akiwasha skrini kabla basi halijaipita Uyole, abiria wa Mbeya kwenda Iringa wanajua wamewekewa muvi. Hakuna atakayeiita sinema. Sinema mtaani ni vituko: mtu kajiangusha mbele ya trafiki ili aonewe huruma. Filamu, nayo, ina harufu ya ofisi. Ndiyo iliyoandikwa kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976.

Kila jina, basi, lina kiasi chake cha ukweli. Je, habari ambayo muumini anaishika kuwa kweli tupu, ikishachezwa mbele ya kamera, iitwe nini?

Mwaka 1979 ilitoka Jesus, iliyofuata Injili ya Luka, Mwingereza Brian Deacon akiigiza nafasi ya Yesu. Imetiwa sauti za lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo, na wainjilisti huionyesha bure viwanjani usiku. Wakiiita muvi, mahubiri yanageuka burudani. Wakiiita sinema, wamekaribia kukufuru. Inabaki filamu. Na kuna kejeli hapo: Yesu wa Luka anawakemea wanafiki, na neno la Kigiriki lililotumika lilikuwa jina la mwigizaji wa jukwaani. Waislamu wengi walishalimaliza swali hili zamani: nabii haigizwi.

Ila ugumu wenyewe hauko kwenye jina, uko kwa steling, yule shujaa wa muvi. Aliyekulia kwenye mabanda ya video ya Mwanjelwa au Mshindo anaijua kanuni: steling hafi. Apigwe, azame, bomu limlipukie, atatokea tu. Kwa kanuni hiyo, sura ya 23 ya Luka ni kosa la mtunzi, na ya 24 ni "part two" iliyowahishwa. Mhubiri mwerevu halikwepi jambo hili. Steling wa bandani hafi kwa sababu hadithi haimruhusu. Wa Luka anakufa kweli na kuzikwa. Ukikiondoa kifo hicho, ufufuo unabaki ujanja wa kamera.

Mwigizaji Steven Kanumba alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, katikati ya Ijumaa Kuu na Pasaka. Mashabiki walizoea kumwona akipata mkasa kwenye muvi moja na kuibuka mzima kwenye nyingine. Safari hii alizikwa makaburi ya Kinondoni, Jumanne. Mchungaji yeyote aliyepanda mimbarini Jumapili ile ya Pasaka, na vijana wake wakiwa bado na simanzi, alikuwa na kazi ya kuwaeleza kwa nini kaburi tupu si mwendelezo wa muvi.