Utengule Ziko Mbili

Kitabu nilikikuta chini, juu ya kiroba kilichotandikwa pembeni mwa soko la Iringa, kati ya Biblia iliyopoteza jalada na vitabu vya maswali na majibu vya kidato cha nne. Muuzaji alitaka elfu tatu, tukaelewana elfu mbili. Kilikuwa Don Quixote cha Miguel de Cervantes, tafsiri ya Kiingereza, kingo zake zimeliwa na mende. Nilikichukua kwa ajili ya safari ya Mbeya tu. Mabasi ya siku hizi yanafungulia video za vichekesho tangu stendi hadi Uyole, na masikio yangu yalikwisha kuchoka.

Kabla hatujafika Mafinga nikawa nacheka peke yangu. Mwishoni mwa sura ya nane hadithi inakatika katikati ya pigano, panga ziko juu, na mwandishi anasema habari zilizobaki hana. Halafu, katika sura ya tisa, siku moja yuko sokoni Toledo, anamwona kijana anauza makaratasi makuukuu. Anayanunua kwa bei ya kutupa, kumbe ndimo ilimo hadithi yote, imeandikwa kwa Kiarabu na mwanahistoria aitwaye Cide Hamete Benengeli. Anatafuta mtu wa kumtafsiria, ujira wake zabibu kavu na ngano. Nami hapo nimeshika kitabu nilichokiokota sokoni kwa elfu mbili.

Ni mzaha, bila shaka. Huyo Benengeli hakuwahi kuwepo. Lakini mzaha huo aliufanya nani? Cervantes alitekwa baharini mwaka 1575, akakaa mateka Algiers miaka mitano, akajaribu kutoroka mara nne akashindwa, mpaka alipokombolewa kwa fedha. Mtu kama huyo tungemsamehe kama angeandika kitabu kizima cha kuwatukana Waarabu. Yeye anaandika kitabu ambacho Wahispania wanakihesabu kuwa nguzo ya lugha yao, kisha anatangaza kwamba mwenye kitabu ni Mwarabu. Papo hapo anamwonya msomaji awe macho, maana watu hao, anasema, wanajulikana kwa uongo! Kwetu jambo hilo lina jina lake: utani. Mtani ndiye anayekusimanga hadharani, na ndiye huyo huyo unayemwachia msiba wako auendeshe.

Kitabu kilitoka mwaka 1605. Waislamu walikuwa wameingia Hispania mwaka 711, na ngome yao ya mwisho, Granada, ilianguka mwaka 1492. Wazao wao waliobatizwa kwa nguvu waliitwa Wamorisko. Mwaka 1609 mfalme Philip III akaamuru wafukuzwe, na kufikia 1614 watu takriban 300,000 walikuwa wamepakiwa melini. Cervantes akatoa sehemu ya pili ya kitabu mwaka 1615, mavumbi ya kufukuzwa huko hayajatulia, na ndani yake akamweka Ricote, Mmorisko mwenye duka, jirani wa kijijini wa Sancho, mtumishi wa Don Quixote. Ricote amerudi kwa siri, amevaa kama hujaji wa Kijerumani. Wanakutana njiani, wanakula na kunywa pamoja, wanakumbushana ya nyumbani. Sancho anaogopa kumsaidia, lakini anamwahidi kwamba hatamchongea.

Watu walifukuzwa, maneno yakabaki. Mhispania akitaka kumtaja mtu asiye na jina anasema fulano, nasi tunasema fulani. Yeye ana hasta, sisi tuna hata. Chai yake anaitia azúcar, yetu tunaitia sukari. Wote wawili tuliyapata kwa Mwarabu, wao kwa bahari ya kwao na sisi kwa ya kwetu, na hakuna amri ya mfalme iliyoweza kuyatoa maneno hayo vinywani mwa watu.

Makambako alipanda mama mmoja mtu mzima, akaketi kiti cha kando yangu na kikapu mapajani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukanyamaza. Tulipoipita Igawa na baridi ikaanza kutuachia, akaniuliza nacheka nini. Nikamweleza kwa kifupi habari za yule mwandishi na Mwarabu wake wa kubuni. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na wewe mwenyeji wa wapi, mwanangu?"

"Kalenga, mama."

"Aa. Kwa Mkwawa." Akatazama dirishani, tambarare ya Usangu inaanza kufunguka upande wa kulia. "Sasa Utengule unaijua ipi?"

Nikamwambia naijua ile ya Mbalizi, ukishapita Mbeya mjini.

"Utengule ziko mbili. Ya kwanza ni hii ya hapa Usangu, ya kwetu. Hiyo ya Mbalizi tuliijenga tukiwakimbia ninyi."

Sikuwa na jibu. Mimi historia ya kwetu naijua kama anavyoijua kila mtoto aliyekulia Kalenga. Najua Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jinsi sisi Wahehe tulivyoliangamiza jeshi la Mjerumani Emil von Zelewski, na yeye mwenyewe akafia pale. Najua ngome ya Kalenga ilivyobomolewa kwa mizinga Oktoba 1894, na jinsi Mkwawa, mtawala wetu, alivyowindwa porini karibu miaka minne, mpaka alipojipiga risasi Mlambalasi Julai 1898 ili asishikwe hai. Najua kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliwataka Wajerumani warudishe vitu viwili: Msahafu wa Khalifa Othman na fuvu la Mkwawa. Kitabu na kichwa, kifungu kimoja. Fuvu tulilipata mwaka 1954, alipolileta Gavana Twining, na nimeliona makumbusho mara nyingi kuliko nilivyomwona babu mzaa baba.

Hata vitabu nimevitafuta. Mwenye kusoma habari za Mkwawa hukutana kwanza na waliomwinda. Tom von Prince, aliyeivunja Kalenga, watu wakamwita Bwana Sakarani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1914 na kuzipa jina la vita dhidi ya Waarabu na Wahehe. Mke wake, Magdalene, alitangulia kuchapisha zake mwaka 1903, habari za nyumba yao Iringa wakati mume yuko porini anamsaka mtu. Baadaye ikaja tamthilia ya Kiswahili, Mukwava wa Uhehe, ya mwaka 1979, na mwandishi wake, M. M. Mulokozi, ni mtu wa Kagera, huko Ziwa Victoria. Mjerumani alituandika, mke wa Mjerumani akatuandika, Mhaya akatuandika. Sijawahi kuliona hilo kuwa tatizo. Nilijiona kama mtu mwenye picha nyingi, kila moja imepigwa kutoka upande wake.

Ila upande mmoja sikuwahi kuutafuta. Vita vya Wahehe na Wasangu vilianza kabla Mjerumani hajafika, enzi za Munyigumba, baba yake Mkwawa. Chifu Merere na watu wake wakasukumwa nje ya Usangu, wakaenda magharibi, wakajenga boma karibu na ulipo mji wa Mbeya leo. Jina la nyumbani wakaenda nalo. Mjerumani alipokuja kupigana na Mkwawa, Wasangu walisimama na Mjerumani, na baada ya hapo wakarudi kwao. Shuleni tulilitamka hilo haraka, kwa neno moja tu: usaliti. Hakuna aliyetuuliza mtu aliyenyang'anywa nyumba na jirani amsaliti nani.

Na cha ajabu, mbinu za vita tunazojivunia, watafiti wanasema tulizichukua kwa Wasangu, nao walizipata kwa Wangoni. Hata jina la Wahehe ni la juzi: Munyigumba na waliomtangulia walikusanya koo na watawala wadogo wengi, wakawafanya kitu kimoja. Mhispania aliyemfukuza Mmorisko aliendelea kusema fulano. Mhehe aliyemfukuza Msangu aliendelea kupigana kama Msangu.

Hapo ndipo Cervantes aliponishinda. Kuwasoma waliotusifu ni rahisi. Kumsoma Prince nako si kugumu sana, maana yeye ndiye aliyetuonea, na aliyeonewa husoma akiwa na haki mkononi. Kazi ni kumpa kalamu yule ambaye wewe ndiye uliyemtoa kwake. Cervantes aliweza akiwa na alama za minyororo mwilini. Mimi sina alama yoyote. Nina fahari ya kurithi tu, na bado nimechelewa.

Mama alikuwa anateremka Chimala. Nilimsaidia kikapu hadi mlangoni. Nilitaka kusema neno la kuomba radhi, nikaona litakuwa la kipuuzi, kumwomba mtu radhi mlangoni mwa basi kwa jambo la miaka mia na zaidi, konda anapiga kelele watu wawahi. Nikamwambia tu kwamba nitakuja Utengule ile ya kwanza, nisikilize.

"Njoo," akasema, kisha uso ukamchangamka. "Ila safari hii mkija njooni na magunia, mikuki iacheni huko huko. Mchele upo."

Basi likaondoka. Nilicheka hadi Igurusi.

Nina daftari kubwa la kaunta ambalo kwa miaka mingi naandikia habari za ukoo wetu: nani alimzaa nani, nani alikufa Lugalo, nani alimficha nani porini. Tangu mwanzo nilizoea kuandika ukurasa wa kushoto tu. Wa kulia niliuacha kwa ajili ya masahihisho, yaani nikidhani nitayafanya mimi. Jioni ile, nyumba ya wageni Mbeya, mvua inapiga bati, nililifungua mahali nilipoandika vita vya Munyigumba. Upande wa kushoto nilikuwa nimeandika kwa wino mweusi: tuliwashinda. Upande wa kulia nikaandika maneno matatu, Utengule ziko mbili, na chini yake nikaandika: mama wa Usangu, aliyeteremka Chimala. Jina langu sikuliweka.