Shauri na Ahadi

Serikali ina haki ya kubadili shauri lake. Hapana mwenye akili atakayeinyima haki hiyo, kwa kuwa mtawala asiyejirudi akosapo ni wa hatari kuliko yule asiyeona mbali. Lakini shauri linapohusu hifadhi ya ardhi na tabianchi, huzuka swali: gharama ya kugeuka hulipwa na nani?

Shinyanga yatoa mfano. Tangu kale Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga malisho mvua zianzapo, yasiguswe mpaka kiangazi kikaze. Zama za ukoloni mapori makubwa yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, kaya zilihamishiwa katika vijiji vipya, na ngitili nyingi zikaachwa nyuma. Kila amri ilikuwa na sababu yake, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa njema. Hata hivyo nchi ilichakaa hata ikaitwa Jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali iligeuka tena, ikaanzisha HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni mkazo ulitiwa katika vitalu vya miche. Baadaye ndipo mradi ulipoigeukia ngitili, jambo ambalo wenyeji hawakuhitaji kufundishwa. Ngitili zilizojulikana mwaka huo zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa karne hii zilipita hekta 300,000. Kuni zikapatikana karibu, malisho yakarudi, na miti ikavuta hewa ya ukaa ambayo leo mataifa huihesabu kama mali.

Husemwa kwamba serikali moja haiwezi kuifunga mikono ile itakayoifuata. Ni kweli, ila hoja hiyo yachanganya shauri na ahadi. Kubadili aina ya miche ni shauri. Kumwambia mfugaji asilime hapa, asilishe hapa, angoje, ni ahadi. Maana yeye hutoa mwaka wake wa sasa, pamoja na njaa iliyomo, kwa ajili ya miaka ambayo huenda asiione. Akihamishwa kabla miti haijatoa kivuli, hapotezi miti tu, bali hujifunza kutongoja tena, na somo hilo halifutwi kwa waraka.

HASHI ilimalizika mwaka 2004. Ngitili zilibaki mikononi mwa kaya na vijiji, na swali lililo zito kuliko la miche likabaki nazo: nani mwenye kauli ya mwisho juu ya ardhi ile?