Wakili, una binti wewe?

Mama mmoja alimsimamisha wakili barazani mwa mahakama akamuuliza, "Baba, una binti wewe?" Wakili akajibu anao wawili. "Sasa usiku unalalaje?" Hakujibu. Alikumbatia mafaili yake akashuka ngazi.

Nilikuwa kwenye benchi, daftari halina kitu, maana hapa Tanzania ushahidi wa kesi za ubakaji husikilizwa faragha na sisi waandishi tunaishia nje. Mjukuu wa yule mama ndiyo kwanza alikuwa ametoka kutoa ushahidi. Kusema kweli nilikuwa upande wa bibi, na nilibaki huko siku kadhaa.

Kilichonitoa ni hesabu. Anayembaka mtoto wa chini ya miaka 18 adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Na Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu atiwe hatiani kwa neno la mtoto peke yake, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli. Siilalamikii kanuni hiyo hata kidogo. Mbakaji haiti mashahidi, anafunga mlango. Bila kanuni hiyo watoto wengi wangeambiwa warudi nyumbani wakanyamaze. Lakini neno linalobeba miaka 30 lazima apatikane mtu wa kulipima, na hakimu hawezi kuwa mwamuzi na mdodosaji kwa pamoja.

Halafu kuna jambo ambalo bibi hakulijua. Mshtakiwa asiye na wakili, na wengi hawana, anauliza maswali mwenyewe. Yaani mtoto anahojiwa na mtu yule yule aliyemnyooshea kidole. Jamani, hiyo ndiyo tunaiona afadhali?

Simaanishi kila wakili anajua mipaka. Kuuliza taa ilikuwa inawaka au imezimwa ni kazi yake. Kumuuliza binti kwa nini hakupiga kelele ni uonevu uliovaa joho, na wapo wanaoishi kwa maswali ya namna hiyo. Hao mimi siwatetei.

Bado utetezi mbovu unawaumiza wote. Nguza Viking, Babu Seya wa muziki wa dansi, na mwanawe Papii Kocha walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa makosa dhidi ya watoto wa shule. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wanawe wengine wawili, wao wakabaki ndani. Desemba 2017 Rais Magufuli akawasamehe. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaona haki yao ya kujitetea ilivunjwa: hawakupewa nakala za maelezo ya mashahidi, na mashahidi muhimu hawakuitwa. Kama walitenda au hawakutenda, haikusema. Haikuwa kazi yake.

Basi fikiria wale waliokuwa watoto, sasa ni watu wazima. Kila mtu vijiweni ana hukumu yake mfukoni. Kama walisema kweli, ile kesi haikuwapa ukweli usiotikisika. Kama washtakiwa walionewa, miaka zaidi ya 13 haina wa kuirudisha. Nakala za maelezo zingegharimu nini? Karatasi tu.

Siku ya hukumu nilirudi. Hakimu alisoma kwa muda mrefu, akipita hoja za wakili moja moja: saa, mlango, kwa nini mtoto alichelewa kusema. Kila moja akaijibu. Miaka 30. Mke wa mshtakiwa alikaa sakafuni, mtoto mgongoni, na hakuna aliyemwangalia.

Nje, bibi alinishika mkono. "Mwanangu, wakikata rufaa si atatoka?"

Nikamwambia sijui, ila maswali mengi ambayo wangeyauliza huko yameshaulizwa hapa, na mjukuu wake ameshayajibu. Akatazama ngazi alikoshukia wakili. Akauliza daladala za kwenda kwao zinapita wapi.